Matofali Walipopiga Nduru

Kaao! Kaao! Kaao! Mpaka leo sauti hiyo ikinijia huwa nasimamisha mguu kwenye pedali ya cherehani na kuinua kichwa, hata kama nimeketi ndani na juu yangu hakuna mbingu, kuna mabati tu. Si sauti tamu. Ni kama geti la chuma lililokosa mafuta, na mtu mwenye hasira analifungua, analifunga, analifungua tena. Wateja wangu hapa Kianda, Kibera, wengi wao akina mama wanaoleta sare za watoto zipunguzwe au ziongezwe, wamenizoea. “Fundi amesikia malaika wake,” wanasema, wanacheka, nami nacheka nao kwa sababu mimi ni mtu wa kucheka. Siwaambii kwamba ni ndege, wala kwamba ndege mwenyewe hajalia. Ninayemsikia ni yule wa mwaka nilioishi Kawangware na rafiki yangu Anyango, tukilinda vifaranga vya Mama Shiru, mwaka ambao nilijua ndege wawindaji kwa mikia yao kama vile wengine wanavyojua wachezaji kwa jezi.

Mwezi uliopita Anyango alirudi. Shangazi yake aliyekuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, kule Kisumu Ndogo hapa Kibera, alifariki, na watu wakaanza kukutana jioni jioni kupanga safari ya mazishi. Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anachambua sukuma wiki ya wageni. Tulikuwa hatujaonana tangu tukiwa wasichana. Aliniangalia kutoka kichwa mpaka viatu, akasema, “Nafula, yawa, umenona mpaka umekuwa mheshimiwa.” Nikamwambia yeye amekonda kama kijiti cha mwavuli. Tukashikana, tukalia kidogo kwa ajili ya shangazi na kidogo kwa ajili yetu, kisha nikachukua kisu na kuketi karibu naye. Ndege mmoja akapita juu akipiga mluzi wake wa kutetemeka. Mimi nikainua kichwa. Yeye hakuinua. “Ni mwewe tu,” alisema, akiendelea na sukuma yake. Kisha, bila kubadilisha sauti, kama mtu anayeuliza kama chumvi iko, akaniuliza: “Ile Jumamosi kwa Mama Shiru. Wewe uliona mkia, si ndiyo?” Nikasema niliona. “Ulikuwa mrefu?” Nikasema ulikuwa mrefu. Akakata shina la sukuma, akalitupa. “Na ukaninyamazia,” akasema. Hatukuliongelea tena. Walikuja kutuita tukabebe viti. Lakini tangu jioni ile siwezi kushona mstari ulionyooka, na ndiyo maana naandika.

Tulikuwa na miaka kumi na tisa, au mimi nilikuwa nayo na yeye alikuwa anaikaribia. Shule ilikuwa imetuacha njiani, kila mmoja kwa sababu zake. Mimi nilikuwa nafua nguo za watu Soweto West, kule chini Kibera unakoona bwawa, na kazi ya kufua ina zawadi moja ambayo hakuna anayekuambia: ukianika, unaangalia juu. Kuanzia saa nne jua likishapasha mabati, hewa inapanda, na ndege wanakuja kuipanda kama ngazi. Mwanzoni kwangu wote walikuwa mwewe. Kila kitu kilichozunguka juu Kibera ni mwewe, waulize watu wote. Lakini nguo zilikuwa nyingi na kamba ilikuwa ndefu, nikaanza kuona kwamba huyu mkia wake umegawanyika kama mkia wa samaki na anauzungusha huku na huku anapopinda, kama dereva na usukani, na yule mwingine mkia wake ni mfupi na ameuchanua kama kipepeo cha jiko. Juani rangi zote hugeuka kuwa nyeusi, kwa hiyo usiulize rangi kwanza. Uliza mkia, halafu uliza mabawa ameyashikaje, yamelala sawa au yameinuka kama mtu anayeuliza “sasa mimi nifanye nini?” Nilijifunza hivyo peke yangu, pini za nguo zikiwa mdomoni, na sikujua kama ni elimu.

Anyango alijifunza kinyume. Kwa shangazi yake omena zilianikwa kwenye magunia mbele ya mlango, na yeye kazi yake ilikuwa kukaanga mandazi papo hapo. Mtu anayekaanga mandazi hawezi kuinua macho, mafuta yatamfundisha adabu. Basi alisikiliza. Mwewe wa Kisumu Ndogo alikuwa na filimbi ya refarii iliyoingia mate, kiiirrrr, na Anyango alikuwa akiisikia tu anarusha kijiko cha maji nyuma yake bila kugeuka, mwewe anaacha omena na kwenda zake. Watu walikuwa wakija kununua mandazi ili waone hicho kioja. Mimi pia nilikuja kuona, nikamuuliza, “Umejuaje atashukia hapo?” Akasema, “Akishuka, filimbi inakatika.” Siku hiyo nilimpenda. Nilijua nimepata mtu aliyeshika nusu ya kitu ambacho nusu yake nyingine nilikuwa nayo mimi, na kwa sababu nilikuwa mtu wa ndoto nikamweleza mpango wote kabla chai haijapoa: tutajua ndege wote wa Nairobi, tutanunua kofia za ukingo mpana, na wageni watakuwa wanatufuata msituni kimya kimya huku sisi tukiwaonyesha kwa kidole. “Wewe utasema yuko wapi, mimi nitasema ana mkia gani.” Akacheka mpaka andazi likaungua. “Na hizo kofia nani ananunua?” Lakini aliniwekea mandazi mawili ya bure kwenye karatasi.

Kazi ya Kawangware tuliipata kupitia kanisa. Mama Shiru alikuwa mwenye ploti, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka mbali, na chama chake cha akina mama kilikuwa kimeamua kufuga kuku wa kienyeji wa kuuza Krismasi. Ploti yake iliteremka hadi kijito, na ng'ambo ya kijito kulikuwa na zile nyumba kubwa zenye miti mirefu ambazo ukiwa upande wetu unaziona kama nchi nyingine. Walitaka wasichana wawili wa kulinda vifaranga. Mama Shiru alipotuona alisema, “Wa Kibera? Haya. Kibera ama mbinguni, bora wasilale.” Alitupa chumba kilichoshikana na chumba cha vifaranga, ukuta wa mabati katikati, kwa hiyo tulilala tukisikia vile viumbe vikilalamika pembeni ya jiko lao la makaa, na joto lao likipenya hadi kwetu pamoja na harufu. Kitanda kilikuwa kimoja, pazia lilikuwa leso ya Anyango, na ukutani niliubandika ukurasa wa kalenda wenye picha ya flamingo. Asubuhi chai ya maziwa na mkate, mchana githeri ya mahindi na maharagwe, usiku tunajipikia. Jumapili tulikuwa tunatembea hadi Kibera, tunarudi giza halijaingia. Sijawahi kuishi chumba kilichonipendeza kama kile, na nimeshaishi kwenye vyumba vyenye simiti na stima.

Sasa, Mama Shiru alikuwa na dawa ya mwewe. Alikuwa msusi wa vyondo, vile vikapu vya mkonge, na sufuria yake ya rangi ya mkonge haikukauka. Kila kundi la vifaranga lilipototolewa, alituketisha kwenye stuli, tukavichovya kimoja kimoja, shingo ikibaki nje, kwenye rangi ya zambarau. Vikatoka kama maua yenye miguu. “Mwewe anajua kifaranga ni wa manjano,” alitueleza, mikono yake yenyewe ikiwa ya zambarau hadi kiwikoni. “Akiona rangi hii anasema, hiki si chakula, hiki ni kitu cha mtu.” Jirani zake wote walifanya hivyo, wengine kwa waridi, wengine kwa kijani, na ukipita Kawangware miezi ile ungedhani kuku wana vyama vya siasa. Na usicheke, ilifanya kazi. Mwewe walikuja, wakashuka nusu, wakazungusha mikia yao, wakaenda kujaribu bahati kwenye bucha.

Kwenye mkaratusi uliokuwa chini kabisa karibu na kijito waliishi wengine wawili, mume na mke. Hawa ndio niliowapa jina la Matofali. Kifua cheupe kama shati la mwanafunzi siku ya kufungua shule, mgongo mweusi, mabawa mapana, na mkia mfupi mwekundu kama tofali lililochomwa vizuri. Siku hizi najua jina lao ni shakivale, lakini kwangu ni Matofali. Upepo ukivuma kutoka kijitoni walisimama hewani bila kupiga bawa, palepale, kama wametundikwa, halafu wakashuka taratibu kwenye nyasi na kuinuka na panya. Panya! Wale panya waliokuwa wakila mash ya kuku wetu. Nikamwambia Mama Shiru wale ni wafanyakazi wenzetu, akasema, “Basi wasiniletee mambo ya mshahara.” Tulikula chakula cha mchana kwenye benchi, mimi nimeuelekea mkaratusi, Anyango ameupa mgongo makusudi. “Nani huyo?” namuuliza. “Matofali mwanamke,” anajibu, mdomo umejaa githeri. “Umejuaje ni mwanamke?” “Sauti yake nzito. Yule bwana analia kama ameomba ruhusa kwanza.” Nikiangalia, kweli, yule aliyelia ndiye aliyekuwa mkubwa kidogo. Hakukosea hata mara moja mwezi wote ule. Naliweka hili hapa ili mjue kwa nini baadaye nilifanya nilivyofanya. Katika mambo ya sauti, kumpinga Anyango kulikuwa kama kupinga saa.

Jumapili moja tukirudi tulisimama mahali ambapo msitu wa Ngong unaonekana, kwa sababu alinishika mkono ghafla. Mimi sikuona kitu. Yeye alisikia, juu sana, sauti inayopanda na kushuka kama mtoto anayebembea, kwii-yu, kwii-yu, kwii-yu. Ilinichukua muda mrefu kumpata, tai mkubwa kuliko ndege yeyote niliyewahi kumwona, anapanda, anajiachilia, anapanda tena, anaimba peke yake pale juu kama mlevi mwenye furaha. Tulisimama mpaka shingo zikauma. Watu walipita wakiangalia juu, hawaoni kitu, wanatuangalia sisi, wanaenda. Anyango alisema polepole, “Nafu, unajua hizo kofia, tunaweza kuzishona.” Nadhani ndipo nilipojifunza kushona, moyoni, kabla sijagusa cherehani. Nikikumbuka dakika ile nashangaa jinsi kitu kinavyoweza kuwa kamili na mtu asijue ni cha mwisho.

Baada ya mvua kubwa vifaranga vilianza kupotea. Si vya manjano, vya zambarau, vile vya kitu cha mtu. Asubuhi wapo, mchana mmoja hayupo, na hatukusikia kitu wala kuona kitu, manyoya kidogo tu chini ya ua wa kayaba. Tukaongeza macho, tukaacha kula pamoja, mmoja anakula mwingine analinda. Bado. Ndipo siku moja nikiwa chumbani nabadilisha makaa nikawasikia akina mama wawili wa chama upande wa pili wa mabati, wakidhani sisi tuko chini kijitoni. Mmoja alisema, “Hawa wa Kibera wanakula kuku zetu, ama wanauza. Mwewe gani huyo hasikiki?” Mwingine akasema, “Mimi sisemi ni wao. Mimi nasema tu kabla waje kuku zilikuwa zinakaa.” Niligeuka nikamkuta Anyango mlangoni, ameshika ndoo ya maji. Alikuwa amesikia. Bila shaka alikuwa amesikia, masikio yale. Aliweka ndoo chini vizuri sana, asimwage hata tone. Jioni, tukimenya viazi, akasema, “Nyumbani kwetu tukiitwa wezi, tunahama. Mimi sitahama kwa ajili ya kifaranga.” Tangu siku ile hatukuwa tunatafuta ndege tu. Tulikuwa tunajitafutia jina letu, na yeye alilihitaji kuliko mimi, kwa sababu mimi nikitukanwa hucheka na yeye akitukanwa hunyamaza.

Basi ile Jumamosi. Chama kilikuwa na mkutano, akina mama wameketi kwenye mabenchi chini ya kivuli cha nyumba, mukimo wa viazi na mahindi umepakuliwa, Mama Shiru amesimama na mwiko mkononi akieleza jambo. Mimi nilikuwa juu ya jiwe nikilinda. Anyango alikuwa ndani ya stoo anachota mash. Kwanza nilisikia Matofali. Kaao! Kaao! Kaao! Si kulia kwa kawaida, ni nduru, wote wawili pamoja, na kuku wakatawanyika wakipiga kelele zao, na mabenchi yakaanguka. Kitu kikapita kati ya nyumba na ua, chini sana, chini ya vichwa vya watu, kwa kasi ya jiwe lililorushwa. Kifua cheupe, mgongo mweusi. Kikainuka juu ya kayaba na kifaranga wa zambarau chini yake. Na nilipokuwa juu ya jiwe lile niliuona mkia. Ulikuwa mrefu, mwembamba, mweusi mweusi wenye mistari, mkia wa ndege anayepinda katikati ya matawi. Haukuwa na tofali hata moja. Alikuwa kipanga wa miti, kutoka ng'ambo, kwenye zile nyumba kubwa. Hakutoa sauti yoyote.

Anyango akatoka mbio na mkebe mkononi. “Ni Matofali!” alipiga kelele. “Nimemsikia! Ni wao!” Na akina mama, kumbe nao walikuwa wamesikia nduru ile na kuona nyeupe na nyeusi, wakaitikia kwa pamoja. “Wale wa mti! Kifua cheupe!” “Si nilisema?” “Uongo, wewe ulisema ni wasichana!” Wakacheka. Mmoja wa wale wawili wa ukutani alimshika Anyango bega, akamwambia, “Pole, msichana wangu. Una masikio ya mbwa.” Anyango akatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu siku ya ndoo. Mama Shiru akanigeukia mimi juu ya jiwe langu. “Na wewe wa macho, umeona nini?”

“Nimeona mkia,” nikasema.

“Mkia uko aje?”

“Naona kama ulikuwa mrefu.”

“Mrefu ama mfupi?”

“Mkia, mkia!” akadakia mama mmoja. “Kuku imeenda na huyu anatuambia stori ya mkia! Ningekuwa na muda ningeupima!” Wakacheka tena, hata mimi nikacheka, huo ndio ugonjwa wangu. Anyango aliniangalia. Halikuwa jicho la kunitisha. Lilikuwa la kuuliza, kweli kabisa, kama mchana kwenye benchi, nani huyo? Nami nikafikiri: kilipita kwa kasi, na jua lilikuwa machoni, na Anyango hakosei. Nikafikiri pia: mkono wa yule mama bado uko begani mwake. Nikasema, “Sijui. Pengine ni wao.” Mama Shiru akapiga mwiko kwenye sufuria. “Basi huo mkaratusi nilikuwa naupangia posti za ua. Jumatatu unaanguka.”

Jumapili tulikwenda Kibera kama kawaida. Njia nzima nilikuwa na ile sentensi mdomoni, niliibeba kama nilivyokuwa nikibeba pini za nguo. Shangazi yake alitupikia omena za kukaanga na nyanya, ugali wa mtama, na Anyango akasimulia, akiigiza kila mama wa chama, yule wa kupima mkia, yule wa masikio ya mbwa, shangazi akicheka hadi akafuta macho na pindo la kanga. “Sasa hawawezi kutuita wezi tena,” Anyango akamalizia, akajipakulia ugali mara ya pili. Ningeisemea wapi? Ningeitia kwenye omena? Nikajiambia nitasema njiani tukirudi. Njiani alikuwa anaimba. Nikajiambia nitasema asubuhi. Ninapoandika haya naona wazi kwamba sikuwa na woga wa Mama Shiru hata kidogo. Niliogopa tu kumwondolea rafiki yangu uso ule.

Juu ya mkaratusi kulikuwa na kiota, na kwenye kiota mtoto mmoja mwenye manyoya nusu, anayesimama ukingoni na kupiga mabawa bila kwenda popote. Anyango, sifa zote hizo zikiwa zake, ndiye aliyemwendea Mama Shiru asubuhi na mapema. “Mama, tungoje mtoto aruke kwanza. Ni wiki chache.” Mama Shiru hakuwa mtu mbaya. Alifikiri kidogo. “Akiruka watakuwa wezi watatu,” akasema. “Na mtu wa pawa nimeshamwita.” Msumeno ule wa pawa ulinguruma hadi nikahisi meno yangu yanacheza. Matofali wote wawili walizunguka juu wakilia, chini zaidi kuliko walivyowahi kuja, hata mtu wa pawa akavaa ndoo kichwani, watu wakacheka. Mti ukaanguka upande wa kijito. Vumbi lilipotulia Anyango aliingia kwenye matawi akatoka na yule mtoto ndani ya leso yetu ya pazia. Shingo ilikuwa imelegea. Mtu wa pawa akasema, “Kumbe mlikuwa na mgonjwa huku.” Anyango alimzika mwenyewe chini ya kayaba kwa kijiko cha mash.

Haikupita wiki. Ilikuwa mchana mweupe, Mama Shiru anasuka kiondo mlangoni, sisi tunajaza maji. Kipanga alikuja, akachukua kifaranga, na safari hii kifaranga kilimzidi uzito au yeye alikuwa amekwisha kutudharau, kwa sababu alitua kwenye nguzo ya ua mbele yetu sote na kuanza kumnyonyoa, manyoya ya zambarau yakipeperuka. Mkia ule mrefu ulining'inia nyuma ya nguzo, mistari yake yote tukaiona, hata Mama Shiru aliyekuwa na miwani ya kusukia. Na hapo juu, mbali, wale Matofali wawili waliokuwa hawajaondoka wakaanza. Kaao! Kaao! Kaao! Ile nduru. Ileile ya Jumamosi. Walikuwa wakimzomea yule kipanga.

Anyango aliacha maji yakamwagika. “Walikuwa wanaita mwizi,” akasema. Hakuwa anaongea nasi. “Siku ile walikuwa wanaita mwizi, mimi nikasema ni wao.” Wote wawili tulilelewa Kibera, tulijua anachosema. Mtu amepiga nduru ya mwizi, umati umekuja mbio na mawe, na giza na vumbi, na wa kwanza kupigwa ni yule aliyepiga nduru, kwa kuwa ndiye aliyesikika, mwizi mwenyewe ametembea zake kimya. Tuliyajua hayo tangu tukiwa wadogo, na bado tukayafanya. Mama Shiru aliinuka akaenda ndani, akarudi na vikombe vitatu vya chai, akaviweka kwenye benchi, akaendelea kusuka bila kunywa chake. Baadaye alisema, “Ndege wote wana kifua,” na ilikuwa kama pole, naamini ilikuwa pole. Lakini Anyango alikuwa ameshaingia chumbani. Alitoka na begi lake. Nilimfuata hadi barabarani nikimwambia si kosa lake, kila mtu alisikia hivyo, hata mimi. “Hata wewe?” akaniuliza, akanitazama. Nikasema hata mimi. Akaniaga kwa mkono, kama mtu unayekutana naye kanisani, na mwezi haukuisha nikasikia ameenda Kisumu kuuza viatu vya mitumba.

Ningemwambia pale barabarani, labda angenitukana, labda angenipiga na begi, na tungerudi pamoja kunywa ile chai. Aliondoka akiamini masikio yake ndiyo yaliyoua, peke yake, na kwa miaka yote hii amekataa kuinua kichwa. Kama ningesema “mrefu” na kuishikilia, mti ungesimama wiki chache, angekasirika siku mbili. Ndivyo tulivyokuwa, yeye nusu na mimi nusu, na nusu yangu niliificha siku ilipohitajika kwa sababu nilimpenda. Nimeshona nguo za watu wengi, na najua kitambaa ukikihurumia mkasi hakikai mwilini.

Matawi ya mkaratusi yalirundikwa karibu na jiko yangoje kukauka. Siku mbili baada ya Anyango kuondoka, Mama Shiru alikwenda sokoni na ploti ikabaki na mimi na kuku. Ndani ya rundo nilikuta kiota chenyewe, kimebonyea lakini hakijasambaratika, vijiti vinene vimefumwa chini na vyembamba juu, na katikati majani ambayo walikuwa wameyaleta yakiwa mabichi. Nilikiinua kwa mikono miwili, kilikuwa kizito kama mtoto wa miezi michache. Nikatoa vijiti vilivyovunjika. Nikachukua nyuzi za mkonge zilizobaki, nikafunga gauni kiunoni, nikapanda mgrevilea uliokuwa pembeni mwa ua, mti mwembamba ambao ndege mwenye akili asingeuangalia mara mbili. Nilipanda na kushuka mara kadhaa hadi vijiti vyote vikafika. Kwenye panda ya juu kabisa iliyonibeba nilivipanga, vinene chini na vyembamba juu, nikavifunga kwa mafundo niliyoyajua, na juu yake nikaweka majani mabichi niliyoyachuma palepale. Kisha nikashuka, mikono ikiwa na utomvu, nikaenda kuwapa kuku maji.